Sumu ya Nyoka, Protini ya Neva na Mkulima wa Bariadi

Katika orodha za makampuni yauzayo mahitaji ya maabara hutajwa kichupa kidogo chenye unga mweupe uliokaushwa kwa baridi. Uzito wa unga huo aghalabu ni mikrogramu 100, yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu, kiasi ambacho jicho hukiona kwa taabu. Bei yake hufika dola mia kadhaa. Juu ya kichupa huandikwa onyo kwamba dawa hiyo ni ya utafiti tu, wala asipewe binadamu. Unga huo ni protini iitwayo NGF, protini ya kukuza neva, nayo haikukamuliwa kutoka kwa mnyama yeyote: imetengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Seli za neva zilizotengwa katika kisahani cha kioo hufa baada ya siku chache. Zikipewa chembe ya unga huu huishi, na kutoa nyuzi.

Wapo watakaosema kwamba habari za namna hii hazina nafasi katika taifa la wakulima, na kwamba Baraza lingefanya vyema kujishughulisha na mbegu na maji. Maoni yetu ni tofauti. Protini hii inamhusu mkulima wa pamba wa Bariadi kwa karibu sana, ingawa si kwa njia ambayo wauzaji wa kichupa wangeitazamia. Ili kulithibitisha hilo hatuna budi kwanza kueleza kazi yake, kisha asili yake, maana katika asili yake ndimo mlimo na nyoka.

Mkulima wa Bariadi apandapo pamba hutia mbegu kadhaa katika shimo moja. Miche ichipuapo huing'oa iliyozidi na kuacha mmoja au miwili. Mwili wa kiumbe kilichomo tumboni au ndani ya yai hufanya jambo la namna hiyo hiyo. Huzaa seli za neva nyingi kuliko zitakazohitajiwa, na katika sehemu nyingi za mwili karibu nusu ya seli hizo hufa kabla kiumbe hakijazaliwa. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mkono wa mkulima unaochagua. Ngozi, misuli na viungo vingine hutoa protini ya kulisha neva kwa kipimo kidogo, na seli ambayo uzi wake umefika mahali pake ikaipata posho hiyo huishi, na ile iliyochelewa au kupotea njia hufa. Kwa hiyo NGF si chakula kwa maana ya kawaida. Ni amri ya kuishi. Huzihudumia hasa neva za kuhisi maumivu na joto, na zile zinazoendesha moyo na mishipa ya damu bila sisi kujua. Zipo protini nyingine za ukoo huo, kama BDNF iliyotolewa katika ubongo wa nguruwe mwaka 1982, ambazo kila moja ina neva zake za kuhudumia.

Aliyeigundua NGF ni Rita Levi-Montalcini, binti wa Kiyahudi wa mji wa Torino, Italia. Mwaka 1938 sheria za ubaguzi za serikali ya Mussolini zilimfukuza katika kazi ya chuo kikuu, naye akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akachunguza neva za vifaranga ndani ya mayai ya kuku. Mwaka 1947 alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichopo Saint Louis, kufanya kazi pamoja na Viktor Hamburger. Huko alifuatilia jambo lililokwisha kuonwa na Elmer Bueker: kwamba uvimbe wa panya ukipandikizwa katika kiinitete cha kuku, neva huukimbilia. Levi-Montalcini alitambua kwamba uvimbe ule ulikuwa ukitoa kitu fulani kinachosafiri. Mwaka 1952 alipanda ndege kwenda Rio de Janeiro, Brazili, akiwa na panya wawili mkobani, kwa sababu huko alikuwako rafiki yake Hertha Meyer, aliyejua kukuza seli katika vioo. Ndiko alikoona, chini ya hadubini, seli za neva zilizowekwa jirani na vipande vya uvimbe zikitoa nyuzi pande zote mithili ya miali ya jua.

Sasa twafika kwa nyoka. Mwanakemia Stanley Cohen, aliyejiunga na kazi hiyo mwaka 1953, alitaka kujua kama kile kitu ni protini au ni asidi za kiini cha seli. Alishauriwa achanganye umajimaji wake na sumu ya nyoka, kwa kuwa sumu hiyo ina kimeng'enya kinachovunja asidi hizo. Ikiwa nyuzi za neva zingekoma kuota, jawabu lingepatikana. Hazikukoma. Ziliota kwa wingi zaidi kuliko awali, na hata sumu ilipowekwa peke yake, pasipo uvimbe, nyuzi ziliota. Sumu ya yule nyoka wa mabwawa ya Marekani ilikuwa na protini ileile, tena kwa nguvu mara nyingi zaidi ya uvimbe. Cohen akafikiri: tezi ya sumu ya nyoka ni jamaa ya tezi ya mate, basi akajaribu tezi za mate za panya dume, akaikuta humo kwa wingi ajabu. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Baadaye ilithibitishwa kwamba protini hii imo pia katika sumu ya swila. Swila wapo Bariadi.

Hapa twaomba msomaji atuvumilie tukitaja jambo ambalo wenye maabara hulitaja mara chache. Katika nchi ya Wasukuma kuna chama cha kale cha watu wa nyoka kiitwacho Buyeye, na wanachama wake huitwa Bayeye. Mwaka 1946 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, alichapisha maelezo marefu juu ya chama hicho katika jarida la mambo ya Afrika. Bayeye hukamata nyoka kwa mikono, hucheza nao ngomani, huwaganga walioumwa, na huchanjana dawa za kujikinga. Hatusemi kwamba manju wa Buyeye alijua habari za NGF, la hasha. Wala hatusemi kwamba chanjo zao zimethibitika kuwa kinga, maana mcheza nyoka naye huumwa akafa. Tusemalo ni kwamba ujuzi mgumu kuliko wote katika kazi hii, yaani kujua nyoka gani anaishi wapi, anatoka lini, na namna ya kumkamata mzima bila kumuumiza wala kuumwa, umekuwapo Usukumani kwa vizazi vingi, na haujapewa thamani yoyote katika hesabu za sayansi yetu. Tumeutazama kama kichekesho cha sikukuu.

Turudi kwenye kichupa. Zamani protini hii ilipatikana kwa kuchinja panya wengi na kusafisha tezi zao. Mambo yalibadilika pale wataalamu walipojifunza kukata jeni ya binadamu, kuiunganisha katika kipande cha duara cha urithi wa bakteria, na kumrudishia bakteria huyo mzigo asioujua. Bakteria aendapo akizaana, hutengeneza protini ya binadamu kana kwamba ni yake. Insulini ya binadamu ilipatikana hivyo mwaka 1978, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kuwa dawa. Jeni ya NGF ilisomwa mwaka 1983. Lakini kuna ugumu ambao unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndio hasa unaotenganisha nchi zinazotengeneza na nchi zinazonunua. Protini ni mnyororo. NGF ina pingili 118, na minyororo miwili hukaa pamoja. Mnyororo ukitoka ndani ya bakteria hauna umbo lake. Mara nyingi hujikunja ovyo na kushikamana na wenzake kama uzi uliotatizana, nao haufai kitu mpaka ufumuliwe kwa dawa na kukunjwa tena polepole, hata madaraja matatu ya salfa yashike mahali pake. Kukosea si hasara ya fedha tu. Imeonekana tangu mwaka 2001 kwamba NGF ambayo haijakatwa kipande chake cha mwanzo, yaani ile ambayo haijakomaa, yaweza kuziamuru seli fulani kufa badala ya kuishi. Protini ni ileile, ila haijakamilika. Ufundi huu haupatikani katika kitabu peke yake. Hupatikana kwa vijana waliokesha mbele ya mitambo mwaka hata mwaka.

Je, protini hiyo imeponya nani? Katika miaka ya 1990 madaktari walitumaini sana kwamba ingewafaa wenye kisukari ambao neva za miguu zimekufa ganzi. Majaribio ya kwanza yalileta matumaini. Jaribio kubwa la watu 1,019, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2000, halikuonyesha faida, na wagonjwa waliona maumivu mahali pa sindano. Lisingestaajabisha sana, kwa kuwa protini hii huzihudumia neva za maumivu. Kuna watu wachache waliozaliwa bila mlango wa kuipokea katika seli zao, nao hawasikii maumivu maishani mwao, hujiunguza na kujivunja mifupa pasipo kujua. Wengine wakajaribu kinyume chake, kuizuia NGF ili kutuliza maumivu ya viungo. Maumivu yalipungua kweli, lakini kwa baadhi ya wagonjwa viungo viliharibika upesi, na mwaka 2021 juhudi hiyo iliachwa. Ushindi uliopatikana ni mdogo lakini ni wa kweli: matone ya macho yaitwayo cenegermin, yaliyotengenezwa na bakteria, yaliruhusiwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya wagonjwa ambao neva za kioo cha jicho zimekufa na kioo chenyewe hakiponi. Bei yake kwa mgonjwa mmoja ni makumi ya maelfu ya dola.

Kwa hiyo mtu akija Bariadi akitangaza dawa ya kuhuisha neva, na aulizwe maswali. Jirani zetu wa Tarime, ng'ambo ya mbuga za Serengeti, walipatwa mwaka 1985 na ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na kwa maisha yote. Ulitokana na mihogo michungu iliyoliwa wakati wa ukame bila kuandaliwa vya kutosha, hata sianidi ikabaki ndani yake. Hakuna kichupa ambacho kingewainua wale watu. Kilichohitajika ni kuroweka mihogo au kuianika kwa siku za kutosha, na kuwa na chakula kingine ghalani. Sayansi iliyolitambua hilo ilikuwa sayansi njema, na Watanzania walishiriki kuifanya.

Basi kwa nini tunasema protini hii inamhusu mkulima wa pamba? Inamhusu kwa sababu ya ufundi wake. Ufundi ule ule unaotengeneza NGF ndio sasa unaotengeneza dawa mpya ya kuumwa na nyoka.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka, na kati yao 81,000 hadi 138,000 hufa. Wanaobaki vilema, waliokatwa mikono au miguu, ni mara tatu ya wanaokufa. Hao si watu wa mijini. Ni wachuma pamba, wachungaji wa ng'ombe, watoto walalao chini, kina mama waendao kuokota kuni alfajiri. Sumu ya swila na ya koboko haiui neva. Hukaa katika kituo ambapo neva hukabidhi ujumbe kwa msuli, ikaziba mlango. Macho hufumba, ulimi huwa mzito, mwisho kifua hakipandi. Mgonjwa akisaidiwa kupumua mpaka sumu iondoke, hupona akawa kama alivyokuwa. Swila anayetema huunguza pia nyama ya mwili, na macho akiyapata. Kifutu yeye huozesha nyama na kuvuruga damu. Dawa iliyothibitishwa ni moja tu, seramu, na mpaka leo hutengenezwa kwa namna iliyobuniwa miaka ya 1890: farasi huchomwa sumu kidogo kidogo, kisha damu yake huchukuliwa. (Lile jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha halinyonyi sumu. Humpotezea mgonjwa saa zake, na ni vigumu kuwasamehe wasomi wanaoliuza.)

Seramu ya farasi ina matatizo yake. Ni ghali, humdhuru baadhi ya wagonjwa, nyingine huhitaji jokofu wakati wote, na ile iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haimfai mtu aliyeumwa na nyoka wa Simiyu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mnunuzi wake ni maskini. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza FAV-Afrique, seramu iliyosifiwa sana barani humu, na chupa za mwisho ziliisha muda wake mwaka 2016. Hapakutokea uhaba wa nyoka wala wa wagonjwa. Faida ilikuwa ndogo, basi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Tangu hapo maabara zimeamka. Mwaka 2024 ilitangazwa kingamwili moja ya kutengenezwa inayozuia sumu ya neva ya swila na koboko katika panya. Januari 2025 wataalamu wa Marekani na Denmaki walionyesha protini zilizobuniwa kwa kompyuta, ambazo hazipo popote katika maumbile, zikifanya kazi hiyo hiyo. Oktoba mwaka huo huo kundi la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmaki lilieleza seramu ya kingamwili ndogo 8, zilizopatikana kwa msaada wa alpaka na lama, jamaa za ngamia, kisha zikazalishwa katika bakteria. Seramu hiyo iliwaokoa panya na sumu za nyoka 17 kati ya 18 wa Afrika waliojaribiwa. Hakuna farasi tena. Bado haijajaribiwa kwa binadamu, lakini njia imeonekana.

Sasa tazama jambo moja, ndugu msomaji. Nyoka hao 18 ni jamii ya swila, mamba na wenzao. Kifutu hayumo. Kifutu, ambaye hakimbii mtu ajapo bali hulala kimya katika njia ya ng'ombe, ndiye anayeogopwa na wengi katika nchi kavu kutoka Maswa hadi Meatu. Hatuwalaumu wataalamu wa Denmaki. Kazi huanza mahali fulani, na sumu ya kifutu ni mchanganyiko mgumu kuliko ya swila. Lakini nani atakayeamua zamu ya kifutu ni lini? Na ni kifutu wa wapi atakayekamuliwa, ilhali sumu ya nyoka wa aina moja hutofautiana toka nchi hata nchi? Tukingoja, wataamua wengine, na kwa haki kabisa watatazama mahitaji yao na fedha zao.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, ni wa mbele katika kilimo cha pamba nchini. Watu wake wanajua maana ya kuuza nyuzi na kununua shati. Sehemu kubwa ya pamba yetu huchambuliwa hapa kisha huondoka nchini ikiwa malighafi. Itakuwa aibu ikiwa sumu ya nyoka wetu nayo itaondoka kwa miligramu na kurudi ikiwa seramu kwa bei tusiyoiweza.

Je, tunaweza? Wengi hudhani kwamba kukuza bakteria kwa matangi ni jambo la nchi tajiri. Pale Kibaha kiko kiwanda kilichojengwa kwa ufundi wa Kuba kinachokuza bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Hapo hapo Kibaha taasisi ya chanjo za mifugo hutengeneza chanjo ya I-2 ya mdondo wa kuku, ile inayodondoshwa jichoni, ambayo sifa yake ni kustahimili joto la vijijini. Kuba yenyewe ilianza kujenga sayansi hii miaka ya 1980 ikiwa si nchi tajiri. Kinachotukosa ni hatua ya katikati: kuisoma jeni, kuipandikiza, kuikunja protini na kuithibitisha. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaotaka maabara za vyuo vyetu zisijishughulishe na protini za neva kwa kuwa ni anasa. Mwanafunzi wa Morogoro, Arusha au Muhimbili akitengeneza NGF ya swila kwa mkono wake, akaiona seli ya neva ikitoa nyuzi, amejifunza kazi yote ambayo kesho itamwezesha kutengeneza kingamwili ya kifutu. Tena NGF ina fadhila ya mwalimu mkali: ikikunjwa vibaya, seli hufa, na hakuna wa kudanganya. Afadhali fedha chache ziende katika somo hilo kuliko kununua vichupa mia vya unga wa wengine.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, nalo ni la haki. Mtu atasema: zahanati haina jokofu, nanyi mwazungumza habari za jeni? Jawabu letu ni kwamba jokofu kwanza. Seramu iliyopo ifike Bariadi kabla ya msimu wa kuchuma. Mganga wa zahanati afundishwe kumlaza mgonjwa, kutokaza kamba wala kuchanja jeraha, na kumkimbiza hospitali. Viatu vya mpira na kurunzi vihesabiwe kuwa zana za kilimo kama jembe. Na kila aliyeumwa aandikwe daftarini, hata yule aliyetibiwa kwa mganga wa jadi, maana bila hesabu hakuna wizara itakayoagiza dawa ya kutosha. Hayo hayangojei maabara yoyote, wala hayaizuii maabara kuanza.

Na iwapo Baraza litakubali kuanzisha hazina ya sumu za nyoka wa Kanda ya Ziwa, tunapendekeza kazi ya ukamataji wapewe Bayeye kwa mkataba ulioandikwa, si kwa posho ya siku. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inatambua haki ya jamii kufaidika na viumbe vya nchi yao na ujuzi wao juu ya viumbe hivyo. Jina la kijiji liandikwe juu ya kila kichupa cha sumu pamoja na tarehe, na sehemu ya fedha itakayopatikana siku yoyote, kwa dawa yoyote itakayotokana na kichupa hicho, irudi katika kijiji hicho. Kazi ianze na kifutu, miezi ya mwanzo wa mvua, kabla mashamba hayajafunga majani.